Wakereza mbao wa Gurei: Watu wametawanyika, kazi bado ni moja

WAHENGA walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hapa Juba methali hiyo imevunja vikundi vingi. Wanachama wakishatawanyika, mmoja Uganda, mwingine Kenya, mwingine kabaki mjini anahangaika na riziki, husimama mtu na kuitamka. Baada ya hapo vifaa huuzwa, hela hugawanywa na daftari hufungiwa vitumbua. Nimeyaona hayo kwa vikundi vya ushonaji, vya bodaboda na hata vya kwaya.

Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha mafundi wa kukereza mbao katika eneo la Gurei, magharibi mwa Juba. Tangu Desemba 2013 wanachama wetu wote hawajawahi kukaa chini ya paa moja. Hata hivyo kikundi kipo, mashine ipo na wateja wapo. Naandika makala haya kwa ajili ya ndugu zangu mnaorejea kutoka makambini, na kwa wafanyabiashara wa mpakani ambao bila malori yao tusingefika popote. Mengi tuliyoyafanya yanawezekana katika kazi yoyote ya mikono.

Kazi yenyewe

Asiyeifahamu kazi hii na aangalie mguu wa kitanda au nguzo ya ngazi yenye mafundo na mabonde ya mviringo. Seremala wa kawaida huituliza mbao na kusogeza randa au msumeno. Mkereza hufanya kinyume chake. Mbao ndiyo inayozunguka, nayo patasi huegemezwa kwenye chuma na kuisubiri. Kinachotoka hapo huwa cha mviringo: mguu wa kiti, mpini wa nyundo, mchi, mti wa kusukumia chapati, bakuli. Chombo cha kufanyia kazi hiyo kwa Kiswahili ni kerezo, ingawa wengi huita mashine ya kukereza.

Si kazi ngeni katika eneo letu. Huko pwani, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, vitanda vya zamani vya kamba vilisimama juu ya matendegu yaliyokerezwa. Kule Sudan kitanda cha kamba huitwa angareb, na miguu yake mizuri nayo hutoka kwenye kerezo. Fundi mmoja wa Mombasa aliyefanya kazi hapa mjini alicheka sana aliposikia jina la mji wetu, kwa sababu katika lugha ya maseremala wa pwani juba ni patasi nene ya kutobolea tundu za mbao.

Mbao nazo Mungu ametujalia. Kuna misaji, ambayo wengine huita tiki, iliyopandwa enzi za Waingereza huko Loka, Kegulu na Kajo-Keji. Kuna mkangazi, ambao wengi huuita mahogani, na mpingo, ambao kwa Kiarabu cha huku ni babanus. Na kwa kazi ya mabakuli kuna mwembe, mti ambao watu huukata na kuugeuza kuni bila kujua thamani yake.

Tulianza mwaka 2012 tukiwa watu 11. Ndio mwaka ambao barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilika. Tulichanga, tukaenda Katwe, Kampala, tukanunua mashine kuukuu ya kukereza, tukaipakia kwenye lori la vitunguu. Kila mmoja alitoa sehemu sawa na mwenzake. Sharti hilo la usawa ndilo lililotuletea kesi baadaye, na ndilo pia lililotuokoa.

Jinsi tulivyotawanyika

Vita vilipozuka Desemba 2013, wawili walikimbilia Kenya na kuishia kambi ya Kakuma. Waliobaki tuliendelea. Kisha yakaja mapigano ya Julai 2016 hapa Juba, ambayo yalizitikisa sana sehemu za Jebel na Gudele, majirani zetu. Watano walivuka mpaka kwenda Uganda. Wanne kati yao walipewa viwanja Bidibidi, wilaya ya Yumbe, makazi yaliyofunguliwa Agosti mwaka huo na ambayo kufikia Desemba yalikuwa yamepokea zaidi ya watu 270,000. Wa tano alipata kibarua katika karakana moja mjini Arua. Gurei tukabaki wanne na mashine.

Mkataba wa amani wa Septemba 2018 ulitupa matumaini. Serikali ya umoja ilipoundwa Februari 22, 2020, wenzetu walianza kuuliza bei ya nauli. Tulipanga kukutana Pasaka. Kabla mwezi haujaisha ugonjwa wa corona ukaingia Afrika Mashariki. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria na Sudan Kusini ikafanya vivyo hivyo, huku malori ya mizigo yakiruhusiwa kupita. Hapa mjini ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku, na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Hata sisi wanne wa Gurei tukawa hatuwezi kukaa kikao.

Aprili mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Wiki hiyohiyo nilipigiwa simu kutoka Bidibidi. Ombi lilikuwa moja tu: mashine iuzwe, kila mtu apewe chake.

Ndugu msomaji, ombi hilo lilikuwa la haki. Mashine iko Gurei na inawalisha walioko Gurei. Aliyechanga sawa na mimi analala chini ya turubai na hajaigusa kwa miaka minne. Umoja gani huo ambao mmoja anakula na mwingine anahesabu siku?

Kura bila kikao

Katiba yetu ya kurasa mbili inasema kitu kikubwa hakiuzwi mpaka theluthi mbili ya wanachama wakubali, yaani watu wanane. Nililazimika kupiga kura ya watu 11 waliomo katika sehemu nne. Niliandika maelezo mafupi, mistari sita, yenye bei ambayo mnunuzi alikuwa tayari kutoa na hesabu ya mapato ya mwaka uliopita. Nikampigia kila mmoja peke yake na kumsomea mistari ileile bila kuongeza wala kupunguza neno. Kila jibu niliandika daftarini pamoja na tarehe na saa. Hakuna aliyeambiwa jibu la mwenzake kabla hajatoa lake. Nilipomaliza niliwatumia wote matokeo.

Sita walitaka iuzwe: watatu wa Bidibidi, wawili wa Kakuma na mmoja wa hapahapa Gurei. Watano walikataa. Mmoja wa hao watano alitushangaza. Alikuwa mzee wetu, fundi aliyetufundisha wote, naye alikuwa Bidibidi na shida zake zilizidi za wengine. Aliomba tupewe miezi mitatu. Alisema, kwa maneno yake ya taratibu, kwamba mashine ikiuzwa hela itakwisha kabla ya mvua, na kwamba kama kazi haiwezi kuwafikia walioko mbali basi kosa liko kwenye mpango na wala si kwenye umbali.

Kwa sheria sita hawakutosha. Lakini kiongozi anayejificha nyuma ya sheria ilhali watu wake wengi hawaridhiki hana kikundi. Tukakubaliana mambo mawili kwa simu. Kwanza, kila kazi inayopita kwenye mashine ilipe kodi ya mashine, sehemu moja kati ya tano ya malipo, na kodi hiyo igawiwe wanachama wote 11 bila kujali waliko. Pili, kazi yenyewe isambazwe. Hilo la pili ndilo gumu, na sehemu iliyobaki ya makala haya ni maelezo yake.

Kijiti kinachosafiri

Mteja akiagiza viti sita, anahitaji miguu 24 inayofanana. Zamani mzee alikuwa anasimama nyuma yetu na kusema hapa nenepesha, hapa punguza. Sasa yeye yuko Yumbe, mashine iko Juba. Picha ya simu haisaidii sana, kwa kuwa picha haina urefu wala unene.

Jibu lilikuwa kijiti cha vipimo, maarifa ya zamani ya wakereza duniani kote. Unachukua ubao mwembamba wenye urefu sawa na mguu unaotaka. Unachora mstari kila mahali penye fundo, bonde au mkato. Pembeni unachonga pengo lenye upana sawa na unene unaotakiwa mahali hapo. Fundi akiwa kwenye mashine huweka kijiti juu ya mti unaozunguka, huhamisha mistari kwa penseli, kisha hukata mpaka pengo lipite sawasawa. Kijiti hakihitaji kusoma wala kujua lugha ya aliyekichonga. Hakihitaji betri. Kinaingia kwenye mfuko wa dereva.

Mzee alituchongea vijiti 17 katika mwaka mmoja. Aliviandika namba kwa ncha ya msumari wa moto, akavituma kwa madereva kupitia Elegu na Nimule. Sisi tukatengeneza nakala na kuzipeleka Kakuma na Arua. Tangu hapo mteja wa Juba akiagiza meza, miguu miwili inaweza kukerezwa Gurei na miwili Arua, na ikikutana hakuna anayejua ipi ni ya wapi.

Bakuli la safari mbili

Mabakuli yalitufundisha kwamba kuchelewa barabarani kunaweza kuwa faida. Mti mbichi hukatika vizuri, lakini bakuli la mti mbichi likikaushwa haraka hupasuka. Kwa hiyo mkereza hulikata mara mbili. Mara ya kwanza, mti ukiwa mbichi, huacha ukuta mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana wa bakuli. Bakuli la sentimita 30 huachiwa ukuta wa sentimita 3. Halafu hulipaka nta au mabaki ya rangi sehemu zinazokauka haraka, hulifukia katika gunia la maranda yake na kuliacha miezi kadhaa. Likikauka hupinda na kuwa kama yai. Ukuta ule mnene ndio unaoruhusu kulirudisha mashineni na kulizungusha tena mpaka liwe duara kamili, jembamba na laini.

Waungwana, kati ya mkato wa kwanza na wa pili kuna miezi ambayo bakuli halihitaji fundi, linahitaji kivuli na subira. Basi likaushwe likiwa safarini. Mwembe unaokatwa hapa Juba tunaupa mkato wa kwanza Gurei. Magunia hupanda lori linalorudi tupu Uganda baada ya kushusha mzigo Konyo Konyo. Mwaka 2020 foleni za malori pale Elegu zilikuwa za siku kadhaa kwa sababu ya vipimo vya corona, na mwenye nyanya alilia. Mabakuli yetu yaliendelea kukauka. Mwenzetu wa Arua, mwenye umeme karakanani, hutoa mkato wa pili na kuuza hukohuko.

Kerezo la mguu

Ilibaki Bidibidi, ambako wanne hawakuwa na umeme wala hela ya jenereta. Hapo mzee alirudi nyuma kabisa, kwenye chombo ambacho alisema alikiona utotoni. Unasimamisha nguzo mbili fupi, kila moja ina ncha ya chuma. Mti unaotaka kuukereza unabanwa kati ya ncha hizo. Kamba inazungushwa mara mbili kwenye mti. Juu inafungwa kwenye fito ndefu inayonesa, chini inafungwa kwenye ubao wa kukanyaga. Ukikanyaga, mti unazunguka kukujia na unakata. Ukiachia, fito inavuta kamba juu, mti unarudi kinyume, nawe unaondoa patasi kidogo. Kata, ondoa, kata, ondoa. Ni kazi ya jasho lakini haili petroli.

Kwa kerezo hilo walitoa michi, mipini na miti ya kusukumia chapati. Mbao hazikutoka msituni, kwa sababu ukataji wa miti umekuwa chanzo cha ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji. Walinunua vipande vinavyobaki kwenye karakana za mji wa Yumbe, vipande ambavyo seremala wa milango huona ni kuni.

Kerezo la mguu lilitatua pia jambo la usalama. Vijana wawili makambini walitaka kujifunza. Kanuni yetu ni kwamba hakuna mwanafunzi anayewasha mashine ya mota bila fundi mzoefu kusimama kando yake, maana mti ukichomoka katika mwendo kasi hupasua uso. Kanuni hiyo haiwezi kutimizwa kwa simu. Lakini kerezo la mguu husimama mguu unaposimama. Mwanafunzi akikosea, mti hukwama tu. Kwa hiyo mafunzo yote ya mbali huanzia hapo.

Kusikiliza patasi

Marekani kuna chama cha wakereza mbao kilichoanzishwa mwaka 1986, na Uingereza wana chao cha mwaka 1987. Corona ilipofunga kumbi zao mwaka 2020, vilabu vingi vya huko vilihamia kwenye video za moja kwa moja: fundi anakereza nyumbani kwake na wanachama wanatazama kwenye kompyuta. Ni jambo zuri kwa mwenye intaneti ya kutosha. Sisi gharama ya dakika kumi za video ni mlo wa jioni.

Tulichotumia ni sauti. Ujumbe wa sauti ni mwepisi, na unaweza kutumwa usiku mtandao ukitulia. Na mkereza hufanya kazi kwa masikio kama anavyofanya kwa macho. Patasi yenye makali hutoa mlio wa kufoka kama mafuta kwenye kikaango. Iliyokufa makali hukwaruza. Mti ulioanza kulegea kwenye ncha hugonga kwa mpigo, tak, tak, kila unapozunguka. Kijana wa Kakuma alikuwa anaweka simu mbali na maranda, anarekodi nusu dakika, anamtumia mzee. Jibu lilikuwa fupi: noa, au simamisha kaza.

Daftari, sanduku na namba

Vikundi vingi havifi kwa umbali. Vinakufa kwa hela. Sanduku letu la akiba lilikuwa na kufuli tatu, kama ilivyo desturi ya vikundi vya kuweka na kukopa, ili asitokee mtu mmoja wa kulifungua peke yake. Vita vilipokuja, wenye funguo walikimbia nazo. Mwaka 2020 sanduku lilikuwa Gurei, ufunguo mmoja Gurei, wa pili Kakuma na wa tatu Bidibidi.

Tulimwita sultani wa mtaa na jirani mmoja asiye mwanachama. Wenye funguo walikuwa kwenye simu zenye spika wazi. Kufuli mbili zikakatwa mbele yao wakisikia, hela zikahesabiwa kwa sauti, noti baada ya noti. Hela ilitimia. Lakini thamani yake ilikuwa imeliwa, maana paundi yetu ilikuwa imeporomoka tangu Desemba 2015 ilipoachwa ijipangie bei sokoni. Akiba iliyoweza kununua jenereta sasa haikufika hata mota kuukuu.

Hapo tuliweka kanuni mbili mpya. Funguo hukaa kwa watu watatu walio katika eneo moja na sanduku, na anayehama huuacha. Na akiba haikai katika noti, inakaa katika mbao zilizopangwa kivulini. Hata daftari la hesabu halina safu ya paundi. Tunahesabu kwa miguu ya viti. Kazi ya bakuli kubwa ni miguu mitatu, mchi ni mguu mmoja. Siku ya kulipana tunaangalia bei ya mguu siku hiyo, Juba au Arua, na kila mtu analipwa kwa fedha ya aliko. Anayefanikisha hilo ni mfanyabiashara mwenye duka hapa na mshirika upande wa pili: anapokea paundi hapa, mshirika wake anatoa shilingi kule, naye anachukua kamisheni yake.

Jambo la namba tuliiga Kenya. Kule Mombasa, ushirika wa wachongaji wa Kikamba wa Changamwe ulianzishwa mwaka 1963. Kila mwanachama anachonga kivyake, lakini kazi zote zinauzwa katika duka moja, na kila kazi ina namba ya aliyeitengeneza ili hela imfikie yeye. Uchongaji huo wenyewe ulisafiri na watu. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge, askari wa Vita Kuu ya Kwanza, ndiye aliyejifunza Tanganyika na kuurudisha nyumbani kwao Wamunyu. Wamakonde nao walipotoka Msumbiji kwenda kutafuta kazi Tanganyika walibeba patasi zao, na leo vinyago vyao vinauzwa Mwenge, Dar es Salaam.

Sisi tunaichoma namba chini ya kazi kwa msumari wa moto. Kiti kikirudishwa kwa sababu mguu umelegea, hatuulizani. Namba inasema ni kazi ya nani, na mwenyewe hutuma mwingine bila malipo. Hapo mwanzo wapo walioona namba hiyo kama kuwashtaki. Baada ya mwaka mmoja walikuja kuipenda, kwa sababu wateja walianza kuagiza kwa namba.

Tulichopoteza

Nisije nikawafanya mkaamini kwamba simu na lori vinaweza yote. Mzee wetu alifariki Bidibidi mwaka 2021 baada ya kuugua kwa wiki chache. Sisi wa Gurei hatukumzika. Kuna maarifa ambayo alikuwa nayo mkononi na ambayo hakuna kijiti kinachoyabeba, kama vile namna alivyougusa ubao kwa kidole gumba na kusema umekauka au bado. Tulimuuliza mara nyingi anatambuaje. Alikuwa akijibu kwamba tukikutana atatuonyesha.

Namba yake ni nne. Baadhi walipendekeza ifungwe kwa heshima yake. Mjane wake alikataa. Binti yao alikuwa amekanyaga kerezo la mguu tangu lilipojengwa, na fungu la kodi ya mashine lilikuwa ndilo linalolipa ada yake ya shule. Kikundi kilipiga kura kwa njia ileile ya simu na mistari sita. Wote kumi waliobaki walikubali. Sasa binti ndiye namba nne, na vijiti 17 vya baba yake vinatundikwa ukutani Gurei vikisubiri kazi.

Miezi mitatu tuliyoombwa ilipita bila mtu kuulizia tena mnunuzi. Mashine haikuuzwa. Tangu vita vya Khartoum vya Aprili 2023 watu wengi wameingia nchini kupitia Renk, na miongoni mwao wametufikia mafundi wawili waliokereza miguu ya angareb Omdurman. Hawajui Kiswahili, nasi Kiarabu chetu cha Juba kinawachekesha, lakini walipopewa kijiti namba sita walitoa mguu sahihi siku ya kwanza. Ni namba 12 na 13.

Kwa wanaorejea na wanaovuka

Ndugu unayerejea, kabla hujauza vifaa vya kikundi chako cha zamani, au hujadai fungu lako, uliza kwanza kama kuna daftari. Kama lipo, hata likiwa limeliwa na mchwa pembeni, kikundi kipo. Tafuteni kazi inayoweza kukatwa vipande na kusafiri. Washonaji wanaweza kutumiana ruwaza za karatasi kama sisi tunavyotumiana vijiti. Mafundi baiskeli wanaweza kugawana vipuri kwa namba. Na aliye mbali alipwe kitu, hata kama ni kidogo, kwa sababu asiyepata chochote hana sababu ya kupokea simu.

Kwako mfanyabiashara wa Nimule, Elegu, Kaya na Oraba: gunia la mabakuli halinuki, halioozi na halina haraka. Lori lako likirudi tupu, pita Gurei. Nauli tunalipa, na ukitaka tutakulipa kwa mti wa kusukumia chapati wa msaji, wenye namba ya fundi chini yake. Ukipinda ndani ya mwaka mmoja, rudi nao. Mwenye namba atatengeneza mwingine, popote alipo.